Kaunti ya McIntosh: Makazi, Ardhi na Wimbo Uliodumu

Lugha ya watu waliong'olewa kwao huishia wapi? Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kuirejelea Kaunti ya McIntosh, katika pwani ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani.

Wenyeji wa awali wa pwani hiyo walikuwa Waguale, waliofikiwa na wamisionari wa Kihispania katika karne ya 16. Mnamo 1721 Waingereza walijenga ngome karibu na mlango wa mto Altamaha ili kuwadhibiti Wahispania na Wafaransa, lakini maradhi yaliwaangamiza askari wengi, na mwaka 1727 ngome ikahamwa. Mnamo 1736 James Oglethorpe aliwaleta Waskoti wa nyanda za juu kuulinda mpaka. Hao ndio walioasisi mji wa Darien. Mwaka 1739, kumi na wanane miongoni mwao walitia sahihi ombi kwamba utumwa usiruhusiwe katika koloni hilo. Hata hivyo, marufuku ya utumwa iliondolewa mwaka 1751. Mashamba ya mpunga yakatanda vinamasini, na Waafrika wakaletwa kwa nguvu kuyalima. Kaunti yenyewe iliundwa mwaka 1793, ikapewa jina la ukoo mmoja wa Waskoti hao.

Kwa kuwa Waafrika walikuwa wengi na waliishi kwa kutengwa, lugha zao zilikutana na Kiingereza zikazaa krioli iitwayo Gullah au Geechee. Neno 'goober', yaani njugu, linatokana na 'nguba' la Kikongo, lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Katika miaka ya 1930 mwanaisimu Lorenzo Dow Turner alimrekodi Amelia Dawley wa Harris Neck akiimba wimbo aliorithi kwa wazee wake bila kuijua maana yake. Ilibainika baadaye kuwa ni wimbo wa mazishi katika Kimende cha Sierra Leone. Mwaka 1997 binti yake, Mary Moran, alizuru nchi hiyo, akapokewa kijijini ambako wimbo huo ulikuwa ungali unakumbukwa.

Ardhi haikuwa na bahati hiyo. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwahamisha wenyeji weusi wa Harris Neck ili ijenge uwanja wa ndege za kivita. Leo mahali hapo ni hifadhi ya wanyamapori, na vizazi vyao vimedai kurejeshewa ardhi bila mafanikio.

Ni dhahiri kuwa bila kinasasauti cha Turner ushahidi huo ungalizikwa pamoja na waimbaji. Nasi wanafunzi wa Kiswahili, tuwarekodi wazee wetu wangali hai.