Chambo cha kumimina na kalibu ya nusu mbili



Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza kazi moja ndogo tuliyoifanya pamoja na wavuvi wa kijiji kimoja kusini ya mji wa Kalemie, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Kazi yenyewe ni kutengeneza chambo cha bandia, kile cha plastiki laini, kwa kukimimina ndani ya kalibu. Wengine watauliza chambo kinahusiana nini na amani. Sisi wenyewe tuliulizana hivyo ofisini, na mhasibu wetu aliuliza kwa sauti kubwa kuliko wote alipoona plasta na sufuria katika hesabu za mradi. Kwa hiyo tunaanza na ugomvi uliotufikisha huko, kisha tutaeleza jinsi kazi inavyofanyika, kwa wale wanaotaka kuijaribu.

Ugomvi wa taa

Usiku wa giza, wenye nyavu huingia ziwani na taa. Mwanga huwavuta ndakala, na ndakala huwavuta mukeke, kwa sababu mukeke ndiye anayewala. Mwenye wavu amelipia taa, amelipia mashua, na analisha vibarua wake. Mvuvi wa mshipi hana uwezo huo. Anakuja polepole na mtumbwi wake mpaka ukingoni mwa mwanga wa mwenzake, anashusha mshipi wenye ndoana kadhaa, anavuta na kuachia, anavuta na kuachia, na mukeke wanapanda. Kwa mwenye wavu, huyo ni mwizi wa mwanga, tena mwizi anayewatisha ndakala kabla wavu haujainuliwa. Kwa mwenye mshipi, ziwa ni la Mungu, na mwanga ukishaanguka juu ya maji hauna mwenyewe. Kila upande una haki yake kidogo, na ndiyo maana ugomvi huu hauponi kwa hotuba.

Zamani watu wa mshipi walikuwa wachache. Mapigano ya mwaka 2016 na 2017 katika jimbo la Tanganyika yaliwasukuma watu wengi kutoka mashamba yao mpaka karibu na Kalemie, na mtu aliyepoteza shamba, akifika ziwani, kitu cha kwanza anachoweza kununua ni mshipi na ndoana, si wavu. Halafu maji ya ziwa yalipanda, mwaka 2021 na tena mwaka 2024, yakaingia katika nyumba na kula sehemu za ufuko ambako watu walikuwa wanaegesha mitumbwi na kuanika samaki. Watu wameongezeka, mahali pamepungua. Samaki nao si kama zamani. Utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa maji ya juu ya ziwa yanapopata joto hayachanganyiki vizuri na maji ya chini, na chakula cha samaki kinachotoka kilindini kinapungua. Wazee wetu hawakusubiri utafiti huo ili kujua kwamba kapu linarudi jepesi.

Katika vikao vyetu tulisikia habari za mishipi iliyokatwa kwa makusudi, za nyavu zilizochanwa na ndoana, na za kijana aliyerudi asubuhi na mkono uliovunjwa kwa kasia.

Kwa nini chambo

Kuna siku katika kila mwezi ambazo mbalamwezi inang'aa usiku kucha na taa haina faida. Siku hizo wenye nyavu hukaa nchi kavu, na wenye mshipi waliozoea kufuata taa hukaa nao. Hapo ndipo pombe huzungumza na madeni ya ziwani hulipwa kwa ngumi. Tulitafuta kazi ya kuwakutanisha watu hasa katika siku hizo. Hatukuichagua sisi. Mvuvi mmoja alileta kikaoni chambo laini alichokinunua kwa mchuuzi wa ng'ambo ya ziwa, chenye umbo la ndakala na mkia unaotikisika, na kwa mara ya kwanza tuliona watu wa pande mbili wakipokezana kitu bila kunyang'anyana. Vibarua wa nyavu walikitaka pia, maana nao hushusha mshipi wakati wa kungojea wavu.

Tuseme ukweli: manyoya meupe ya kuku na nyuzi zinazong'aa, ambavyo wavuvi wa mshipi wamevitumia miaka mingi, bado vinamshika mukeke. Ubaya wake ni kwamba manyoya huchakaa upesi. Chambo laini huvumilia meno mara nyingi zaidi, na kikichanika kinaweza kuyeyushwa tena.

Kutengeneza kalibu

Anza na mfano. Chonga ndakala wa mti laini, wa urefu wa sentimita 7 hadi 9, umsugue na msasa mpaka awe laini kabisa, kwa sababu kila mkwaruzo wa mfano utaonekana kwenye chambo. Mkia uwe mwembamba na mwisho wake uwe mpana kidogo, ili maji yautikise.

Kalibu tunaifanya kwa plasta, ile nyeupe ya mafundi wa dari. Pima vikombe viwili vya plasta kwa kikombe kimoja cha maji. Mimina plasta ndani ya maji, si maji juu ya plasta, iache ilowe kwa dakika moja, kisha koroga polepole ili usiingize mapovu. Uimimine katika kisanduku kidogo, halafu mlaze mfano uliopakwa vaselini azame nusu tu, ubavu mmoja ndani na mwingine nje. Plasta itapata joto yenyewe na kuganda. Ipe muda wa saa moja. Kisha chimba vishimo viwili au vitatu pembeni kwa ncha ya kijiko, paka vaselini juu ya plasta yote, na umimine nusu ya pili juu yake. Vishimo hivyo hujaa plasta ya juu na kuwa vijino, na ndivyo nusu mbili zitakavyokutana mahali pale pale kila mara. Ukisahau vaselini utapata jiwe moja ambalo halifunguki. Tunazo mbili za namna hiyo. Moja inazuia mlango wa ofisi.

Ukizitenganisha na kumtoa mfano, kata mfereji wa kumiminia upande wa kichwa, na tundu jembamba upande wa mkia la kutolea hewa. Halafu kausha. Hapa hakuna njia ya mkato. Jua la siku mbili hukausha nje tu. Sisi sasa tunangoja wiki nzima. Iweke kalibu shavuni: ikiwa bado ya baridi, ina maji. Ikikauka, paka ndani gundi nyeupe iliyoongezwa maji, mara mbili, na kila mara iache ikauke kabisa.

Msisitizo huu una sababu yake. Mara ya kwanza siku za mbalamwezi zilikuwa zinakwisha, tukaharakisha. Kalibu ilikuwa na unyevu ndani. Plastiki ya moto ilipoingia, maji yaligeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha nje, ikamwangukia kijana mmoja kwenye kiwiko cha mkono. Tuliumwagia mkono wake maji safi ya baridi kwa dakika 20 na kumpeleka kwenye kituo cha afya. Alipona, lakini kovu analo. Kosa lilikuwa letu, si la mtu mwingine.

Kuyeyusha na kumimina

Plastiki inayofaa huitwa plastisoli. Ni maji mazito meupe kama maziwa: unga wa PVC ndani ya mafuta ya kuulainisha. Wachapaji wa fulana hutumia wino wa jamii hiyo hiyo. Haiuzwi kila duka. Ya kwetu tuliiagiza kwa wafanyabiashara wanaovuka ziwa. Tikisa chupa kwanza kwa sababu unga hutuama chini. Ukiipasha moto itakuwa nzito kama ugali wa mtoto, na mtu asiyejua hudhani imeharibika. Endelea polepole. Ikifika karibu na nyuzi 175 za Selsiasi inakuwa nyepesi tena na kuwa angavu kama mafuta, na hapo ndipo rangi huongezwa na kumiminwa. Ikipita 190 huanza kuwa ya manjano, kisha kahawia, na moshi wake una asidi inayochoma macho na mapafu. Ikifika hapo ondoa motoni, ondoka na wewe.

Usiweke sufuria moja kwa moja juu ya makaa. Sisi tunaweka karai la mchanga juu ya mbabula, na sufuria ndani ya mchanga, ili joto liwe sawa pande zote. Kipimajoto ni cha lazima, jicho halitoshi. Kazi ifanyike nje, mkikaa upande upepo unakotoka, na miwani, glavu za ngozi na mikono mirefu. Kitambaa puani hakizuii mvuke huo. Inatakiwa barakoa yenye vichujio vya gesi. Watoto na akina mama wajawazito wakae mbali, na maji yasiwe karibu na sufuria. Sufuria hiyo haitarudi jikoni kamwe. Mama mmoja wa kikundi aliitoboa tundu pembeni siku ile ile ili asije mtu akaionea huruma, na tunadhani alifanya busara kuliko mabango yetu yote.

Funga nusu mbili kwa mpira wa baiskeli, mimina polepole bila kukatisha, na uache kichuguu kidogo juu ya mfereji kwa sababu plastiki husinyaa ikipoa. Baada ya dakika kumi fungua, tumbukiza chambo katika maji ya baridi, kisha ukilaze kikiwa kimenyooka. Kikipoa kimepinda, kitabaki kimepinda. Usikiweke katika kisanduku cha plastiki ngumu pamoja na vifaa vingine, maana mafuta yake hulainisha na kuharibu plastiki nyingine.

Vijana walipendekeza kuyeyusha viatu vya plastiki vilivyochakaa, maana hivyo viko bure kila jalala. Tulijaribu mara moja. Viliungua kabla ya kuyeyuka vizuri, moshi ukatutawanya wote, na hatujarudia. Vile vile tumekataa kuyeyusha risasi ya betri kuu kuu kwa ajili ya vizito. Risasi ni sumu kwa anayeiyeyusha, hasa kwa watoto wa nyumba hiyo. Nati ya chuma inazamisha mshipi vizuri tu.

Nusu mbili

Kalibu yetu ya kwanza, ya kipande kimoja, ilikaa kwa mwenyekiti wa wenye nyavu. Baada ya wiki tatu watu wa mshipi walilalamika kuwa wakienda kuiomba wanaambiwa mwenyewe hayupo. Baadaye ilivunjika, na mpaka leo kila upande una habari yake kuhusu nani aliiangusha. Tulikaribia kufunga kazi. Tulipoonyesha kalibu ya nusu mbili, mzee mmoja wa mshipi, aliyekuwa amenyamaza karibu kikao chote, aliinua nusu ya juu na kusema: hii ikae kwetu, ile ikae kwao. Hakuna aliyepinga, labda kwa sababu hakuna aliyekuwa na jambo bora zaidi.

Tangu hapo hakuna upande unaoweza kumimina peke yake. Wanalazimika kupatana siku, na siku yenyewe ni ile ile ya mbalamwezi. Wakiwa wanangoja plastiki ipoe huongea, na ndiko yalikozaliwa makubaliano ya taa, si katika semina yetu: mtumbwi wa mshipi unakaa mbali mpaka wavu wa kwanza uinuliwe, kisha mwenye taa anaizungusha juu mara mbili, nao wanaruhusiwa kukaribia. Wapo wanaovunja makubaliano, hasa usiku wenye samaki wengi. Kesi zao sasa zinasikilizwa na kamati ya watu sita, watatu kila upande.

Utaratibu huu una udhaifu wake. Mara moja mwenye nusu ya chini alisafiri kwenda Moba kwenye msiba na ufunguo wa sanduku, na kazi ikalala mwezi mzima huku kila upande ukiulaumu mwingine. Sasa zipo jozi mbili, zimetiwa alama za rangi, na nusu ya jozi moja haishikani na nusu ya jozi nyingine.

Jambo ambalo bado linatusumbua ni mabaki. Plastiki hii haiozi, na samaki akikimeza kipande kinaweza kuvimba tumboni mwake. Kikundi kimeweka ndoo mbele ya nyumba ya mtunza fedha, na kila chambo kilichochanika kinarudishwa humo kwa ajili ya kuyeyushwa tena. Asiyeleta cha zamani analipia zaidi cha kipya. Hatukutegemea kwamba wenye nyavu ndio watakaoijaza ndoo hiyo kwa haraka, kwa vipande wanavyovikuta asubuhi wakikung'uta nyavu zao. Wanavileta wenyewe, wanahesabiwa, na wanadai punguzo lao.