Madonna na Miaka Arobaini ya "Like a Virgin"

Mwimbaji wa pop anayedumu jukwaani kwa miongo kadhaa hukabiliwa na tatizo ambalo msanii chipukizi hajapata kulijua, kwamba watazamaji hulipa kiingilio ili wausikie wimbo ule ule waliouzoea redioni, ilhali wakipewa wimbo huo ziara baada ya ziara bila mabadiliko yoyote huanza kuuona mchovu. Njia ya kutoka katika tatizo hili hutafutwa katika mpangilio wa muziki, yaani uamuzi kuhusu ala zitakazopigwa, kasi yake na mdundo wake, huku maneno na mahadhi, ambayo ndiyo sauti inayomfanya msikilizaji autambue wimbo, yakiachwa yalivyo. Ni wachache walioitumia njia hii kwa ujasiri kama Madonna, na hakuna wimbo unaoonyesha ujasiri huo vizuri kuliko "Like a Virgin".

Wimbo huo, uliotolewa mwaka 1984 na kukaa wiki 6 katika nafasi ya kwanza ya chati ya Billboard nchini Marekani, ulitungwa na wanaume wawili, Billy Steinberg na Tom Kelly. Steinberg aliyaandika maneno yake kutokana na hali yake mwenyewe, alipopata penzi jipya baada ya uhusiano uliomuumiza. Jina la wimbo lina maana ya "kama bikira", na uzito wote umo katika neno "kama", kwa kuwa anayeimba hadai kwamba hajawahi kuguswa, anasema tu kwamba amejihisi mpya tena, na hisia hiyo yaweza kumfikia mtu wa umri wowote. Laiti wimbo ungemhusu msichana bikira hasa, ungemponyoka mwimbaji alipofikisha miaka 30.

Katika ziara yake ya kwanza ya mwaka 1985, Madonna aliuimba karibu kama ulivyorekodiwa chini ya mtayarishaji Nile Rodgers, besi ikirukaruka mbele ya ala nyingine zote. Alivaa mavazi meupe ya harusi, akawauliza watazamaji kama wangekubali kumwoa, na katikati akachomeka kipande kifupi cha "Billie Jean" wa Michael Jackson, kwa sababu besi za nyimbo hizo mbili zinafanana kiasi cha kuweza kupokezana.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1990 katika ziara ya Blond Ambition. Kasi ilipunguzwa mno, besi iliyokuwa ikiruka ikatoweka, na mahali pake pakaingia muziki wenye ladha ya Mashariki ya Kati, ambayo msikilizaji wa taarabu ya Unguja asingeiona ngeni. Madonna alikuwa juu ya kitanda cha mahameli nyekundu, amevaa koseti ya rangi ya dhahabu iliyobuniwa na Jean Paul Gaultier, yaani vazi la kubana kifua na kiuno, na pembeni yake walikuwapo wanenguaji wawili wa kiume waliovishwa sidiria zenye ncha ndefu. Mjini Toronto polisi walitishia kumkamata kwa sababu ya miondoko yake kitandani, lakini alikataa kubadilisha chochote na onyesho likafanyika. Mtu anaweza kuchukizwa na tukio lile, na wengi walichukizwa, ila kimuziki lilithibitisha jambo la maana: wimbo wa dansi ukipunguzwa kasi, maneno yaliyokuwa yakipita haraka chini ya ngoma husikika moja moja, na msikilizaji hulazimika kuyafikiria.

Mwaka 1993 aliuigiza kwa lafudhi ya Kijerumani, akiwa amevaa kofia ndefu na suti ya kiume kwa mfano wa mwigizaji Marlene Dietrich. Lilikuwa pambo la kupendeza, lakini halikuongeza mengi.

Toleo la mwaka 2006, katika ziara ya Confessions, lilikuwa na kina zaidi. Tarehe 16 Agosti 2005, siku aliyotimiza miaka 47, Madonna alianguka kutoka juu ya farasi akavunjika mfupa wa mtulinga, mkono na mbavu. Chini ya mwaka mmoja baadaye alipanda jukwaani juu ya tandiko la ngozi nyeusi lililoshikiliwa na mlingoti, likipanda na kushuka kama farasi wa bembea za watoto, na nyuma yake skrini kubwa zikaonyesha picha za eksirei za mifupa yake iliyovunjika. Muziki ulirudi kwenye kasi ya disko, lakini kujihisi mpya sasa kulihusu mwili uliovunjika ukaunga, jambo ambalo Steinberg hakulifikiria alipokuwa akiandika.

Mwaka 2012, akielekea miaka 54, aliufanya walzi, yaani muziki wa mapigo matatu ambamo la kwanza huwa zito na mawili yanayofuata mepesi, akisindikizwa na piano iliyochukua sehemu ya muziki wa filamu ya W.E. aliyoiongoza mwenyewe. Mnenguaji mmoja alimfunga koseti kwa nyuma, akivuta kamba zake kwa nguvu, na wimbo uliopata kuwa wa furaha ukasikika kama maombolezo. Hili ndilo toleo bora kuliko yote, kwa kuwa halimfichi mwanamke mtu mzima anayeyatamka maneno ya ujanani.

Katika ziara ya Celebration, iliyoanza London mwezi Oktoba 2023, wimbo ulichanganywa na "Billie Jean", na nyuma ya pazia vikaonekana vivuli viwili vikicheza, kimoja chenye umbo la Madonna wa ujanani na kingine chenye umbo la Michael Jackson, aliyefariki mwaka 2009. Kile kipande kifupi cha mwaka 1985 kilikuwa kimerudi, na safari hii Madonna hakuimba.