Kompyuta Imestaki? Usikimbilie Kitufe cha Kuzima

Chukulia unatumia kompyuta ya Linux, tuseme Ubuntu. Dirisha moja lina tasnifu ambayo hujaihifadhi tangu mchana. Dirisha jingine lina R, inachambua data za mbu walionaswa usiku kijijini Kivukoni, ng'ambo ya Mto Kilombero ukitokea Ifakara. Ghafla kipanya kinagoma na madirisha hayabadiliki. Wengi wetu hapo tunakandamiza kitufe cha kuzima mpaka taa izimike, na kazi ya mchana mzima inakwenda na maji.

Kabla hujafika huko, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja (baadhi ya laptopu zinataka uongeze Fn). Skrini itakuwa nyeusi, na maandishi meupe yatakuomba jina na nywila. Usiogope, madirisha yako hayajafungwa. Umehamia chumba kingine tu.

Skrini moja, vyumba vingi

Chumba hicho kinaitwa konsoli pepe. Miaka ya 1970, kompyuta moja ya Unix ilitumiwa na watu wengi, kila mmoja akiwa mbele ya teletaipu yake, yaani mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na kompyuta kwa waya. Jina hilo lilifupishwa kuwa tty, na hadi leo konsoli za Linux zinaitwa tty1, tty2, tty3 na kuendelea. Tofauti ni kwamba sasa mtu mmoja mwenye kibodi moja anaweza kuwa na vituo vingi. Kerneli ya Linux inaruhusu hadi 63, ingawa kwa kawaida zinazotumika ni chache.

Fikiria kivuko kilichokuwa kikiunganisha Ifakara na Kivukoni kabla ya daraja kufunguliwa. Kivuko kilihudumia ukingo mmoja kwa wakati mmoja, lakini kikiwa Kivukoni, watu wa Ifakara hawakuacha kupika wala kuuza. Kibodi na skrini yako ni hicho kivuko. Programu zilizo kwenye konsoli usiyoiona kwa kawaida zinaendelea na kazi zake.

Ukishavuka, fanya hivi

1. Ingia kwa jina na nywila yako. Herufi za nywila hazionekani unapoandika, ni kawaida.
2. Andika `top`. Programu inayokula zaidi prosesa itakuwa juu. Ukibonyeza M kubwa, zitapangwa kwa memori. Namba ya programu iko safu ya kwanza kushoto.
3. Bonyeza `q` utoke, kisha andika `kill` na namba hiyo, mfano `kill 4127`. Hapo unaiomba programu ijifunge yenyewe. Ikikaidi, `kill -9 4127` inaikata bila kuaga.
4. Andika `exit`, kisha rudi kwenye madirisha. Kwenye Ubuntu za sasa mara nyingi ni Ctrl+Alt+F2. Kwenye mifumo mingine jaribu F1 au F7.

R itakuwa imekufa, pamoja na chochote ambacho hukukihifadhi humo. Lakini tasnifu ipo. Ihifadhi sasa hivi!

Isipojibu je?

Ukiwa kwenye madirisha, programu inayoyachora ndiyo inayopokea vitufe hivyo na kuiomba kerneli ihame. Kama yenyewe ndiyo iliyoganda, au kerneli imekwama, hutavuka. Na kama memori imejaa, kuhama kunaweza kuchukua hata dakika kadhaa, kwa hiyo vumilia kwanza kabla ya kukata tamaa.

Usiache mlango wazi

Hili wengi hawalijui: kufunga skrini ya madirisha kwa nywila hakufungi tty3. Ukiingia huko ukasahau `exit`, halafu ukaenda kunywa chai, yeyote atakayebonyeza Ctrl+Alt+F3 atakuta mafaili yako yote na mamlaka yako yote. Kwenye kompyuta ya maabara yenye majina ya wanakaya na majibu yao ya vipimo vya malaria, hiyo ni siri ya watu wengine uliyoiacha mezani.

Jaribu leo, kompyuta ikiwa nzima. Nenda tty3, ingia, andika `exit`, rudi. Siku ikistaki kweli, vidole vitakuwa vinajua njia.