Bakteria wa Vikope: Seli Isiyoweza Kujitegemea

Msafiri atokaye Dodoma kuelekea Morogoro hupita Kibaigwa, mji wa wilaya ya Kongwa unaofahamika nchini kote kwa soko lake la mahindi. Kwa wataalamu wa macho, jina la Kongwa lina umaarufu wa namna nyingine. Tangu miaka ya 1980 eneo hilo limekuwa mahali pa uchunguzi wa muda mrefu juu ya vikope, au trakoma, ugonjwa unaoongoza duniani miongoni mwa maambukizo yanayopofusha watu. Katika makala haya tutautazama ugonjwa huo kwa kuanzia na umbile la seli ya bakteria anayeuleta. Tukilielewa umbile hilo, tutaelewa pia kwa nini dawa fulani hufaa na nyingine haifai, na kwa nini kopo la maji ya kunawa uso lina manufaa makubwa.

Seli ya bakteria ilivyo

Tumtazame kwanza bakteria wa kawaida, Escherichia coli, aishiye matumboni mwetu. Urefu wake ni kama maikroni 2, yaani sehemu 2 za milioni za mita. Seli yake haina kiini kilichozungukwa na utando. DNA yake ni uzi uliofungwa kama pete na kujikunja ndani ya saitoplazimu. Humo zimo ribosomu maelfu kwa maelfu, ambazo ni karakana za kutengenezea protini. Saitoplazimu huzungukwa na utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Nje ya utando huo upo ukuta wa peptidoglaikani, unaoizuia seli isipasuke pindi maji yaingiapo kwa osmosi. Kwa vyombo hivyo vichache bakteria huyu hujitegemea: akipewa sukari na chumvi kadhaa, hujitengenezea mahitaji yake yote.

Bakteria aliyedhaniwa kuwa kirusi

Bakteria wa vikope, Chlamydia trachomatis, ana tabia tofauti. Mwaka 1907 Halberstaedter na von Prowazek, wakifanya kazi katika kisiwa cha Java, waliona mikusanyiko ya chembe ndogo ndani ya seli za kope za wagonjwa. Chembe hizo hazikukubali kuota katika vyakula vya maabara, na kwa miaka mingi zilidhaniwa kuwa virusi. Mwaka 1957 T'ang Fei-fan na wenzake wa Beijing walitangaza kwamba wamezikuza ndani ya mayai ya kuku. Baadaye ilidhihirika kwamba zina DNA pamoja na RNA, zina ribosomu zao wenyewe, na huzaana kwa kugawanyika. Kirusi hakina ribosomu wala hakigawanyiki. Kwa hiyo huyu ni bakteria.

Mwaka 1998 mpangilio wote wa DNA yake ulisomwa. Ulikuwa na jozi za besi kama milioni 1, na jeni zipatazo 900. E. coli ana jozi zipatazo milioni 4.6 na jeni zaidi ya 4,000. Jeni nyingi anazozikosa klamidia ni zile za kutengeneza mahitaji ya msingi, kama vile asidi nyingi za amino. Vitu hivyo, pamoja na sehemu kubwa ya nishati yake, huvichukua kutoka katika seli ya binadamu alimojihifadhi.

Maisha hayo yanahitaji maumbo mawili. Umbo la kwanza ni la safari. Ni dogo, kama maikroni 0.3, na ganda lake ni gumu kwa sababu protini zake zimeunganishwa kwa vifungo vya salfa. Linafanana na punje kavu ya mahindi iliyomo guniani: lina uhai, lakini halioti. Likiingia katika seli ya kope, vifungo vile hulegea, nalo hugeuka umbo la pili, kubwa na laini, linalokula na kugawanyika. Baada ya siku 2 au 3 maumbo mapya ya safari hutoka kwa wingi, mara nyingi kwa kuipasua seli iliyoyalea.

Dawa hugusa wapi?

Penisilini huzuia ujenzi wa peptidoglaikani. Klamidia ana peptidoglaikani kidogo mno, hata kuwapo kwake ndani yake kulithibitishwa mwaka 2014 tu. Huitumia hasa mahali anapogawanyikia. Akikutana na penisilini huacha kugawanyika na kuvimba, lakini hafi, na dawa ikiondoka huweza kuanza tena. Azithromaisini hufanya kazi kwa njia nyingine. Hupenya ndani ya seli zetu, ikakaa humo siku kadhaa, na kuzishika ribosomu za bakteria zisitengeneze protini. Ribosomu za saitoplazimu yetu zina umbile tofauti, hivyo hazidhuriki. Ndiyo sababu dozi moja ya kumeza hutosha kutibu ambukizo.

Funzo la Kongwa

Hata hivyo, aliyepona leo aweza kuambukizwa tena kesho. Kipofu wa vikope hakupofushwa na ambukizo moja. Maambukizo yanayorudiarudia tangu utoto huacha makovu upande wa ndani wa kope, kope hupinda, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho miaka kwa miaka. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa ndio walezi wa watoto, na watoto ndio wenye maambukizo mengi.

Lakini lile umbo la safari haliwezi kuzaana juu ya kidole, kanga wala mguu wa nzi. Husafiri tu katika matongotongo na makamasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulihusu vijiji 6 vya Kongwa. Katika vijiji vyote watoto walipewa marhamu ya tetrasaiklini, na katika vijiji 3 kati ya hivyo ilifanywa pia kampeni ya kunawisha watoto nyuso. Mwaka mmoja baadaye, vikope vikali vilikuwa vichache zaidi katika vijiji vya kampeni.

Kongwa ni nchi kavu, na ndoo ya maji hutoka mbali. Mzazi huona shida kuyatumia maji hayo kwa uso wa mtoto badala ya chungu. Mwalimu aweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Wanafunzi wapime kwa kopo la nusu lita ni nyuso ngapi zinazoweza kunawishwa, kila mtoto kwa maji yake yaliyomiminwa, bila kuchangia beseni wala taulo. Kisha wachore maumbo mawili ya klamidia, na kila mmoja aonyeshe kwa mshale ni wapi dawa humzuia bakteria huyu, na ni wapi maji humzuia.