Sura ya Tano: Akili Isiyo na Hakimu Mmoja

Septemba 2018, wiki chache baada ya Ebola kutangazwa katika eneo la Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Takriban mmoja kati ya wanne aliamini ugonjwa huo haupo. Wengi waliosoma habari hiyo kwa mbali waliona ujinga tu. Mimi naona akili timamu ikifanya kazi yake, ila kwa vipande.

Mwaka 1992, katika kitabu The Adapted Mind walichokihariri pamoja na Jerome Barkow, Leda Cosmides na John Tooby walidai kuwa akili ya binadamu ni mkusanyiko wa moduli. Kila moduli imechongwa na uteuzi wa asili kwa tatizo moja lililowasumbua wahenga wetu: kumkwepa mgonjwa, kumnasa mdanganyifu, kujua nani yuko upande wetu. Kila moja husikiliza dalili zake tu, na hujibu kabla hujaanza kutafakari.

Chukua kinyaa. Kinyesi, usaha na nyama iliyooza hutusukuma nyuma bila mtu kutufundisha vijidudu ni nini. Lakini Ebola huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na uchovu, kama malaria ya kila siku. Hakuna kinachonuka. Isitoshe, kinyaa hulegea mbele ya damu yako. Mwaka 2006 watafiti wa Australia waliwanusisha akina mama nepi chafu. Ya mtoto wa mtu mwingine iliwachefua kuliko ya mtoto wao, hata pale majina ya nepi yalipobadilishwa. Bila ulegevu huo, nani angelea? Ndio huohuo unaomfanya binti amshike mama anayetapika, na ndugu waoshe maiti iliyojaa virusi.

Moduli iliyokuwa macho Beni ni ya kutambua kambi. Katika utafiti wa 2001, Robert Kurzban na wenzake walionyesha kuwa watu wakipewa alama ya upande, hata rangi ya jezi tu, huitumia kuwagawa wasiowajua, na rangi ya ngozi hupungua uzito. Alama za riposte, kama wenyeji walivyoziita timu za kupambana na Ebola, zilikuwa tele: misafara ya magari, mavazi yanayoficha uso, walinzi wenye silaha. Mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yalikuwa yameanza Oktoba 2014, wala hayakuleta pilikapilika za namna ile. Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi, CENI, ikaahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo hadi Machi, Ebola ikitajwa miongoni mwa sababu. Kwingine kura zikapigwa tarehe 30. Kwa anayeuliza "hawa ni wa nani?", jibu lilikuwa limeshapatikana. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa na kuchomwa moto.

Msomaji wa Butembo ana haki ya kunikatiza: moduli za nini? Aliyezika majirani miaka minne hahitaji urithi wa mageuko ili ashuku. Nakubali, nusu. Hata Jerry Fodor, ambaye kitabu chake cha 1983 ndicho kilichoeneza wazo la moduli, aliziona katika kuona na kusikia lugha, si katika fikra nzima. Mwaka 2000 alichapisha kitabu kingine kuwapinga waliozipanua. Shuku ililetwa na historia. Moduli zinasaidia tu kueleza kwa nini mafunzo kuhusu virusi hayakuifuta: yalijibu swali ambalo halikuulizwa.

Ndiyo maana CUBE, chumba cha plastiki angavu ambacho shirika la ALIMA lilikitumia Beni mwaka 2018, kinanivutia kuliko mabango yote. Mgonjwa hulala ndani. Ndugu husimama nje wakimwona na kuongea naye. Muuguzi huweza kumhudumia kwa kuingiza mikono katika glavu zilizounganishwa na ukuta, uso wake ukiwa wazi. Plastiki inazuia virusi bila kusubiri kinyaa, na familia inajionea yenyewe mtu wao anafanywa nini.