Laithe: Neno Lililokosa Kazi

Katika vilima vya magharibi mwa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ghala la shambani liliitwa laithe. Leo neno hilo limebaki zaidi kwa wanahistoria wa majengo, na hata wenyeji wengi hawalijui tena.

Lililetwa na Waskandinavia walioiteka York mwaka 866, na miaka 10 baadaye wakagawana ardhi na kuanza kulima. Kwao hlaða lilikuwa jengo la kuwekea mavuno, na neno lenyewe lina shina moja na kitenzi cha kupakia na kurundika. Wadenmaki bado husema lade. Kusini mwa Uingereza walitumia barn, yaani nyumba ya shayiri. Tofauti hiyo ilijulikana mapema: katika karne ya 14, Geoffrey Chaucer alimpa neno lathe mmoja wa wanafunzi wawili wa hadithi yake, ili msomaji amtambue kuwa mtu wa kaskazini.

Maana yake inaonekana vizuri ndani ya jengo lenyewe. Hasa kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, familia za vilima vya Halifax zilijenga nyumba na laithe chini ya paa moja. Mlango mkubwa wa upinde uliingiza mkokoteni wa nyasi kavu hadi kwenye sakafu ya katikati, ambapo pia nafaka ilipurwa. Upande mmoja walifungwa ng'ombe wachache, na juu yao zikarundikwa nyasi za majira ya baridi. Upande wa makazi, watu walifuma sufu, kwa kuwa shamba peke yake halikuwalisha.

Maisha hayo ndiyo yaliyovunjika. Viwanda viliua ufumaji wa nyumbani, na vishamba vidogo vikaunganishwa. Trekta na mashine za kufunga nyasi zikadai mabanda makubwa ya chuma. Maghala ya mawe yakageuzwa makazi, na wauzaji wakayatangaza kwa jina la barn, linaloeleweka na mnunuzi kutoka popote.

Kwa kupotea kwa maneno kama hili, wengi huilaumu shule, hasa baada ya sheria ya elimu ya 1870. Shule ilichangia kweli, lakini haitoshi kueleza yote. Beck, yaani kijito, nalo lilitoka kwa Waskandinavia na likapita katika madarasa yaleyale, lakini bado linasemwa. Vijito vingali vinatiririka na watu wanahitaji kuvitaja. Laithe lilipoteza sababu ya kutajwa.

Kumbukumbu tunazo. Joseph Wright, mtoto wa Yorkshire aliyefanya kazi kiwandani kabla ya kujua kusoma, alikusanya maneno ya lahaja katika mabuku 6 yaliyotoka kati ya 1898 na 1905. Kati ya 1950 na 1961, watafiti chini ya Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds walizunguka sehemu 313 wakiwahoji hasa wazee wa vijijini, na maswali yao yalianzia shambani. Tunawiwa na watu hao, maana bila wao tusingejua tumepoteza nini. Hata hivyo, kamusi haiwezi kumrudisha mkulima kwenye ghala lake. Anayehofia kupotea kwa lahaja yoyote aulize kwanza wasemaji wake wanaishi kwa kazi gani, ndipo aulize watoto wao wanafundishwa nini.