Sukari Iliyoifilisi Kampuni ya New Bern

Katika mji mdogo wa New Bern, huko North Carolina nchini Marekani, pale mito ya Neuse na Trent inapokutana, palikuwa na duka la dawa la Caleb Bradham, kijana aliyeuacha utabibu angali masomoni kwa sababu biashara ya babake ilianguka. Hapo, mwaka 1893, alianza kuwachanganyia wateja wake sharubati ya namna yake: shira ya sukari iliyotiwa mafuta ya limau na kungumanga humiminwa kwanza ndani ya bilauri, kisha maji ya gesi hufunguliwa juu yake, povu likapanda hadi ukingoni, na mteja aliyetoka juani huimaliza kwa mkupuo mmoja. Wenyeji walikiita kinywaji cha Brad, hata tarehe 28 Agosti 1898 mwenyewe alipokipa jina la Pepsi-Cola.

Kampuni aliiasisi mwaka 1902, na haukupita muda mrefu akaona kwamba bilauri haiwezi kutoka nje ya mlango wa duka, lakini chupa husafiri. Basi shira ikapikwa New Bern na kupelekwa kwa mawakala wa miji mingine, nao wakaitia maji na gesi, wakaijaza chupani, wakaikaza vizibo na kuiuza. Na kufikia mwaka 1910 mawakala hao walikuwa wameenea katika majimbo 24.

Biashara hiyo yote, pamoja na fahari yake, ilisimama juu ya mguu mmoja, nao ni sukari. Mnywaji alikwisha kuzoea kulipa senti 5, wala hakuwa tayari kuongeza. Kwa hiyo kila sukari ilipopanda, hasara ilimrudia mwenye kupika shira. Wauza sharubati wa barabarani kwetu wanaijua dhiki hiyo bila kufundishwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha na serikali kuiachilia bei iliyokuwa imeizuia, ratili moja ya sukari, ambayo kabla ya vita ilipatikana kwa senti zipatazo 5, ilipita senti 20 katika mwaka 1920. Bradham, akichelea kwamba kesho itakuwa ghali zaidi, alinunua akiba kubwa kwa bei hiyo. Na kabla mwaka haujaisha sukari ikaporomoka, naye akabaki na ghala lililojaa mali ambayo thamani yake imekwisha kuyeyuka. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini naamini kwamba lililomponza mtu huyu ni hofu zaidi kuliko tamaa, na hofu ya mfanyabiashara mwaminifu yastahili kuhurumiwa.

Mwezi Mei 1923 kampuni ilitangazwa kuwa muflisi, na mali yake, pamoja na jina lenyewe, ikauzwa kwa dola 30,000. Ilikuwa haijatimiza miaka 21.

Jina hilo wengine walilifufua, hata leo twalisoma kwenye chupa za Dar es Salaam. Bradham yeye alirejea nyuma ya meza yake ya zamani kupima dawa za wagonjwa wa mji wake, akaendelea na maisha yake New Bern hadi alipofariki mwaka 1934, wakati kinywaji chake kilikuwa kikiuzwa na watu wengine.